Mdomo wa Evodio

Wanaume wote waliokufa kijijini kwetu wamevaa tai moja. Ni ya bluu, ina madoadoa meupe, na fundo lake limeegemea kushoto kana kwamba mwenyewe aliifunga huku akikimbilia basi. Ingia nyumba yoyote ya Los Pirules, tazama juu ya redio au juu ya kitanda cha wazee, utawakuta: baba, babu, mjomba aliyepigwa na radi, wote wamekaa wima ndani ya fremu zao, na wote wana tai ile ile shingoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa tai akiwa hai. Wengine hata viatu walivivaa siku mbili tu, ya ndoa na ya jeneza. Tai niliwavika mimi, kwa brashi nyembamba, na niliwavika hiyo moja kwa sababu ndiyo pekee niliyojua kuichora.

Nayasema haya mapema asije mtu akadhani mimi ni msanii. Nilisoma hadi darasa la nne. Mwalimu wetu akaolewa, akaenda fungate, na hadi leo hajarudi. Kazi ya picha nilifundishwa na mume wangu, Fidencio, mtu mwema, mtu wa kimya, aliyekunja kila kitu mara nne, hata noti, hata hasira.

Miezi ya kiangazi tulikuwa tukiwafuata watakatifu. Mwezi wa pili ulitukuta San Juan de los Lagos, mahujaji wakimiminika kwa miguu, vumbi limewafika kwenye nyusi. Mwezi wa kumi tulikuwa Zapopan. Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda mji mkuu kwa Bikira wa Guadalupe, ambako sisi wapiga picha tulijipanga kama wauza karanga na kugombea kivuli. Tulibeba sanduku letu la mbao lenye miguu mitatu, ndoo, chupa za dawa, farasi wa mbao tuliyemwita Jenerali, na pazia nililolichora mwenyewe: ziwa, bata maji wawili, na ndege ya abiria ikipita juu ya mlima. Ndege hiyo ilikuwa na mabawa matatu. La kwanza lilikaa vibaya, nikachora jingine, nikasahau kulifuta lile. Hakuna aliyelalamika. Mtu aliyetembea siku tisa kwenda kumshukuru Bikira hahesabu mabawa.

Nikifumba macho hata sasa naisikia harufu ya siku zile: dawa ya kusafishia picha, unga wa mahindi ukikaangwa kwenye mafuta, blanketi za sufu zilizonyeshewa. Bibi mmoja wa Tepatitlán alikuja na bata mzinga wake, akasema anataka wapigwe picha pamoja. Fidencio akatoa kichwa kwenye kitambaa cheusi, akawatazama wote wawili kwa heshima, akauliza, "Nani atapanda farasi?" Hakuwa anatania. Fidencio hakujua kutania; ndiyo maana alinioa mimi.

Alipotaka kupima mwanga alinisimamisha mbele ya pazia, kisha akazama chini ya kile kitambaa. Huko ndani, kwenye kioo cha sanduku, kila kitu huonekana miguu juu. Nadhani katika miaka yetu arobaini na mitano ya ndoa mume wangu alinitazama hivyo zaidi ya alivyonitazama wima.

"Umependeza," alikuwa akisema kutoka gizani.

"Miguu au kichwa?"

"Vyote vipo."

Mvua zilipoanza tulirudi nyumbani, na huko ndiko tulikofanya kazi ya kuta. Watu walituletea vipicha vidogo vya wapenzi wao, vingine vya kitambulisho, vingine vimekatwa kwenye kona ya harusi ya mtu mwingine. Fidencio alivikuza hadi vikafika ukubwa wa sinia, nami nikavitia rangi: mashavu, koti, tai. Aliyepigwa amevaa shati lenye kiraka alitoka na suti. Mjane alipokuja kumchukua, hakumwona mumewe tu. Alimwona mumewe akiwa amefanikiwa. Nimewaona wanawake wakiibusu fremu, na nimemwona mmoja aliyesema, "Angekuwa hivi, tusingegombana."

Mwaka wa sitini na mbili, Tránsito Varela alinikabidhi picha ya mume wake, Evodio.

Evodio alikuwa amekwenda kaskazini miaka mitano kabla, kuvuna nyanya za Wamarekani. Zilikuja barua nne, kisha kimya. Wapo waliosema amekufa, wapo waliosema ana mke mwingine na gari. Tránsito hakusema kitu. Hakuvaa nyeusi, hakuvaa rangi. Alivaa kijivu, akamlea binti yake Amparo, akafagia uwanja wake kila asubuhi kama mtu anayetarajia wageni. Ile picha aliitoa kifuani. Ilikuwa bado na joto lake, ndogo kama stempu mbili, ile waliyopigwa wanaume kwa ajili ya kibali cha safari.

"Ni hii moja tu, Cuca," akaniambia. "Usinipotezee."

"Nikupotezee? Kwangu ni salama kuliko kanisani."

Kanisa letu, niseme, lilikuwa limeibiwa vinara viwili wiki hiyo hiyo.

Sikuitazama ile picha. Niliitia kwenye bahasha haraka, kama mtu anayeficha barua, na sababu ya haraka hiyo nitaisema nikifika mahali pake.

Siku chache baadaye Fidencio akiwa Jerez kununua karatasi, mvua ilipenya paa ikaingia kwenye droo. Picha kumi na mbili zililowa. Sasa, mwanamke wa kwetu akitaka kukausha kitu hafikirii. Anakiweka juu ya kikaango cha udongo, kile kipana tunachochomea chapati za mahindi. Hapo hukaushwa pilipili, mbegu za maboga, soksi za mtoto. Moto ulikuwa umezimika, yamebaki majivu tu, na kikaango kilikuwa vuguvugu kama shavu la mtu mwenye homa ndogo. Nikazipanga picha juu yake, nikaenda kufunga mbuzi.

Kumi na moja zilijikunja kama majani makavu, zikapona. Ya kumi na mbili nilikuwa nimeiweka katikati kabisa, pale joto linapojificha. Nilipoinyanyua, karatasi ilikuja peke yake. Uso wa Evodio ulibaki juu ya udongo. Ukateleza, ukajikusanya kama ute wa yai, ukawa kahawia, ukaisha. Mkononi nilibaki na sikio moja na ukosi wa shati.

Fidencio alirudi, akaliangalia lile sikio kwa muda mrefu.

"Mwambie," akasema.

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo mvua."

"Mvua imekatika, Cuca."

"Itarudi."

Hakugombana nami. Alikunja mfuko aliobebea karatasi mara nne, akatoka nje. Nami nikajifungia chumbani na rangi zangu, nikamchora Evodio bila picha, kwa siku tatu, kwa sababu sikuihitaji.

Na hapa ndipo mahali pake. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa nikipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, ndoo kichwani, kabla jua halijapasha mawe. Evodio alikuwa akifanya kazi pale. Aliegemea mwimo wa mlango, akanitazama nikija tangu kwenye kona hadi nilipofika, akatabasamu kwa meno yake yote. Basi. Hakuna zaidi, au hakuna zaidi sana. Jumapili jioni wasichana tulizunguka uwanja wa kanisa upande mmoja na wavulana upande mwingine, ili tukutane uso kwa uso kila mzunguko, na kila mzunguko alinitazama vile. Siku ya sherehe, kabla ya Kwaresima, alinivunjia kichwani ganda la yai lililojaa vikaratasi vya rangi, na kila msichana wa Los Pirules anajua maana yake. Vikaratasi vile nilivikuta kwenye nywele hadi Pasaka. Kisha baba akanipeleka Aguascalientes kwa shangazi nikajifunze kushona. Nilipopata ruhusa ya kurudi, miaka miwili ilikuwa imepita, Evodio alikuwa amemchumbia Tránsito, nami nilikuwa nimekutana na kijana mmoja mwenye sanduku la mbao. Tangu hapo, nikipishana na Evodio njiani, niliinamisha macho. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ndiyo maana hakukuwa na mtu wa kumlalamikia.

Nilichora mtazamo ule. Nilichora na mdomo, umefunguka kidogo, na safu ya meno meupe. Koti nililikopa kwenye picha ya daktari mmoja wa Zacatecas. Tai mnaijua.

Tulipompelekea, Fidencio alisimama nyuma yangu, kofia mikononi. Tránsito aliitazama ile picha hadi maharage yake yakachemka, yakamwagika, yakazima moto. Hakugeuka.

"Ametoka vizuri," akasema mwishowe. "Na ile ndogo?"

"Iliharibika kazini. Hutokea."

"Hutokea," akasema.

Akapanda juu ya kiti, akapigilia msumari mwenyewe.

*

Kwa miaka hamsini nilikwenda kwa Tránsito kila Alhamisi kunywa kahawa. Kahawa ya Tránsito, Mungu anisamehe, ni maji yaliyosuuza sufuria. Nilikuwa nikienda kumwona Evodio. Tulizungumzia mbuzi, magonjwa, ndoa za watu, nami nikiinua kikombe namwona pale juu ya bega lake, ananichekea mimi, mimi hasa, na kila Alhamisi nilirudi nyumbani nikitembea kama msichana aliyebeba ndoo. Fidencio alikufa, nikazidi kwenda. Sanduku nililiweka stoo. Jenerali alipata wadudu kwenye magoti.

Basi Jumanne moja asubuhi, mjukuu wa Tránsito akagonga mlango wangu. Yareli ni mwalimu huko Fresnillo, mwanamke wa miaka thelathini, ana simu yenye picha nyingi kuliko nilizopiga maisha yangu yote.

"Bibi Cuca, bibi anakuita. Anasema uje na miwani."

"Kuna nini?"

"Nimemletea zawadi," akasema, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeleta zawadi. "Nilidhani atafurahi."

Mezani kwa Tránsito palikuwa na kitambaa cheupe, na juu yake kipicha kidogo kama stempu mbili. Tránsito alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani.

"Kaa," akaniambia. "Vaa miwani."

Yareli akaeleza kwa haraka, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Alikuwa akikusanya habari za ukoo, maana mwezi wa kumi na mbili ndugu arobaini wanakuja kutoka kila upande na anataka kuwachorea mti wa familia. Huko Fresnillo, kwenye kopo la biskuti la binamu mmoja mzee, akakuta hiki. Wanaume waliokwenda kaskazini walipigwa picha sita sita za kibali, na moja ya Evodio ilikuwa imebaki kwa binamu. Nyuma kuna jina lake lote na jina la kijiji.

Nikavaa miwani.

Sikumjua. Nasema kweli, kama ningekutana naye sokoni ningempisha tu apite. Mwanamume mwenye taya nzito, macho yamekaribiana, mdomo umefungwa kama mfuko wa kamba. Niliutafuta mtazamo wa mlangoni pa mashine, niliutafuta kwenye macho, kwenye nyusi, hata kwenye masikio. Haukuwapo. Kisha nikainua uso nikamwona yule wa ukutani, ananichekea, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi jicho lake la kushoto lilivyo kubwa kuliko la kulia, na kwamba pua ile ni pua niliyowapa wanaume saba. Nikajiuliza: miaka hii yote nilikuwa nikimkumbuka Evodio, au nilikuwa nikiikumbuka brashi yangu?

"Ndicho kinachonichanganya," Yareli akasema. "Si mtu yule yule. Mama anasema eti picha zikizeeka hubadilika. Nikamwambia, mama, picha haioti pua nyingine." Akamgeukia bibi yake kwa upole. "Nataka niikuze hii, bibi, niitundike pale. Hii ndiyo ya kweli. Ile nyingine sijui tuifanye nini."

"Nenda kanunue mkate," Tránsito akasema.

"Mkate upo, bibi."

"Kanunue mwingine."

Yareli akanitazama, akamtazama bibi yake, akachukua mkoba. Tukasikia geti likifungwa. Tránsito akanimiminia kahawa, akajimiminia na yeye, akaweka sukari, akakoroga. Ana miaka themanini na hakuna mtu ninayemjua anayekoroga polepole kama yeye.

"Miaka hamsini nimekungoja useme," akasema.

"Ulijua?"

"Ulimpa meno, Cuca."

Sikuelewa, naye akaona sikuelewa.

"Nyumbu wa baba yake alimpiga teke la mdomo," akasema. "Miezi sita kabla hatujachumbiana. Meno mawili ya mbele yakaenda. Wewe ulikuwa Aguascalientes, unashona. Tangu siku ile hakufungua mdomo mbele za watu. Kanisani padre alidhani hasali. Kwenye harusi yetu alikula supu tu. Halafu wewe unaniletea mtu ana meno kama punda wa sarakasi."

Nilitaka kucheka, nikaogopa. "Mbona hukusema?"

"Fidencio alikuwa amesimama nyuma yako kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Nikasema, yule mtu mwema akilazimika kujibu neno moja ataanguka." Akanywa. "Na nilikuwa nimechoka, mwenzangu. Huyu anasema kafa, huyu anasema ana mke. Mchana nilikuwa mjane, jioni nimeachwa. Wewe ukaniletea mtu ambaye angalau alikuwa na furaha. Nikasema, haya, akae."

Kuku alipita mlangoni, akatutazama, akaona haya, akaondoka.

"Lakini ule mtazamo hukuununua dukani," Tránsito akasema. Sauti yake ilibadilika. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayeshika kitu chenye makali. "Tai ni yako. Koti sijui ni la nani. Macho yale uliyaona mahali. Nimeyatazama miaka hamsini nikijiuliza mume wangu alimtazama nani hivi, na lini. Sikutaka kujua. Sasa nataka. Kabla huyu hajarudi na mkate, niambie. Ilikuwa lini?"

Nina uongo mwingi, ndiyo kazi niliyoifanya. Nimewavika suti watu wasiokuwa na suruali ya pili. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari ulimini, na mmojawapo ulikuwa mzuri sana. Lakini nilimwona jinsi alivyoshika kijiko, vidole vimekuwa vyeupe, nikatambua kwamba Alhamisi zote zile nilikuwa nikija nyumbani kwake kama mtu anayekuja kukagua mali yake iliyowekwa kwa jirani. Nilikuwa nimekunywa majivuno yangu pamoja na kahawa yake mbaya, yeye akiwa amekipa mgongo kile kicheko, ananiuliza habari za mbuzi.

Nikamwambia. Mashine ya kusaga, ndoo, mizunguko ya uwanjani, ganda la yai. Haikuchukua muda. Kitu nilichokitunza miaka yote hiyo kikamalizika kabla kahawa haijapoa.

"Labda alikuwa anaicheka ndoo," nikasema.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Akarudia kuhesabu.

"Kabla ya nyumbu," akasema.

"Kabla ya nyumbu."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. Nadhani ilikuwa imekaa humo tangu mwaka wa sitini na mbili.

"Basi sina ugomvi na wewe. Ya kabla ya nyumbu si yangu."

Akakichukua kile kipicha, akakilaza kwenye kiganja kama kifaranga. "Huyu ni wa baada. Ona alivyoubana mdomo. Mpiga picha lazima alimwambia acheke, naye akakataa, mkaidi. Nyumbani kwangu alikuwa akiucheka ule mwanya mwenyewe. Alikuwa akipuliza mbegu za tikitimaji kupitia hapo, Amparo anazifuata kama kuku." Akakisogeza karibu na macho. "Huyu namjua."

"Nitaishusha ile," nikasema. "Nitaichoma, Tránsito, leo hii hii."

"Nani kakwambia uchome? Fikra zako zote huishia jikoni."

Geti likalia. Yareli akaingia na mkate, akauweka mezani, akatutazama kwa zamu kama anayetafuta damu. Alipoona hakuna, akavuta kiti, akafungua daftari lake la ukoo.

"Haya, bibi. Niambieni. Yupi ni babu?"

"Huyu mdogo," Tránsito akasema. "Huyu ndiye babu yako. Mkuze, mtundike."

"Na yule?"

Nikaitazama meza. Nilijua kinachofuata: yule ni kazi ya Cuca, yule si mtu. Na lingekuwa kweli, na Yareli angelibeba neno hilo hadi kwa wale ndugu arobaini, na kuanzia hapo kila nyumba ya Los Pirules ingeutazama ukuta wake na kuanza kuuliza.

"Yule ni mdogo wake," Tránsito akasema.

Yareli akainua kalamu. "Babu alikuwa na mdogo wake? Mama hajawahi kusema."

"Alikufa kijana. Kabla ya nyumbu."

"Nyumbu gani?"

"Kula mkate. Alikuwa mchumba wa Cuca. Cuca akaolewa na Fidencio, Mungu amrehemu, na mwanamke hawezi kumtundika mchumba wake nyumbani kwa mumewe. Akanipa mimi nimtunzie." Akaupuliza mvuke wa kahawa. "Sasa Fidencio hayupo. Leo anamchukua."

Alilisema bila kupepesa, Tránsito, ambaye kwa padre hukiri hata mawazo aliyokuwa nayo kuhusu bei ya nyanya. Nikamtazama. Naye alinitazama juu ya ukingo wa kikombe, macho yanang'aa, kama mtu aliyepata kiti cha mbele kwenye maonyesho ya vikaragosi.

"Bibi Cuca," Yareli akasema taratibu, "ni kweli?"

"Kama bibi yako amesema."

"Aliitwa nani?"

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, kwenye kitawi kidogo alichokichora sasa hivi kando ya jina la Evodio. Nikafikiri. Nimewapa watu makoti, mashavu, farasi, ndege ya mabawa matatu, lakini jina sijawahi kumpa mtu yeyote. Wanangu wote, majina aliwapa Fidencio.

"Serafín," nikasema.

Akaandika. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa akiegemea mlangoni, hivi." Nikataka kumwonyesha kwa bega, kwa mzaha, kama ninavyofanya nikisimulia jambo. Bega likagoma. "Alikuwa akinisubiri nifike," nikasema, na sauti nayo ikagoma, nikabaki nimeinamisha kichwa mbele ya mkate wa watu, mwanamke wa miaka sabini na nane, machozi yananidondokea kwenye sukari.

Zile barua zilipokatika, kijiji kizima kilipanga foleni mlangoni kwa Tránsito kumpa pole. Nami nilipanga. Nilingoja zamu yangu nyuma ya mke wa mwokaji, nikampa pole yangu, nikarudi nyumbani kupika.

Yareli akaiweka kalamu chini. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, jinsi wanavyofundishwa watoto wa kwetu kuwashika waliofiwa.

"Pole sana, bibi," akasema. "Pole kwa msiba."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa pole ya huyu. Nikamtafuta Tránsito, lakini yeye alikuwa ameukata mkate na alikuwa akiupaka siagi kwa bidii, kipande baada ya kipande, zaidi ya tulivyoweza kula watatu.

"Nimeshapoa, mwanangu," nikamjibu, kama wanavyojibu wafiwa wote siku ya kwanza.